Ngome, Kasri na Ukimya: Uhakiki wa Masimulizi ya Ziara katika Mji wa Kifalme wa Jaipur na Funzo Lake kwa Tafsiri ya Urithi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna ngome na makasri ya Jaipur, mji wa kifalme katika jimbo la Rajasthan nchini India, yanavyosimuliwa kwa mgeni anayeyazuru. Ziara inachukuliwa kuwa ni matini yenye mwanzo, mpangilio, wahusika wakuu na wahusika walionyamazishwa. Hoja kuu ni kwamba simulizi linalotawala ziara hiyo ni la upanga na fahari, ilhali majina ya vyumba, mifereji ya maji, karakana na ngano za mahali vinatoa habari nyingine: habari ya utawala, mapatano, kazi za mikono na makutano ya tamaduni. Makala yanaonesha pia kwamba Kiswahili kina sehemu ya msamiati uleule uliozipa nyumba hizo majina, na kwamba mfasiri anayepitia Kiingereza peke yake huupoteza msamiati huo bila kujua. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa wanaoandaa maelezo ya urithi kwa Kiswahili.

Istilahi muhimu: Jaipur, ngome, kasri, simulizi la ziara, tafsiri ya urithi, istilahi

1.0 Utangulizi

Mgeni anayefika Jaipur kwa mara ya kwanza hupitishwa katika njia ambayo karibu kila mgeni mwingine ameipita. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, hupelekwa Amer, kilomita kama 11 kutoka mjini. Huko hupanda mteremko wa mawe kwa miguu, kwa gari au juu ya tembo, akavuka ua mmoja baada ya mwingine mpaka kwenye chumba cha vioo. Akirudi husimama kando ya ziwa Man Sagar kupiga picha ya Jal Mahal, kasri lililozungukwa na maji. Mchana huingia katika kasri la mjini na katika uwanja wa vyombo vya falaki uitwao Jantar Mantar. Jioni hupanda Nahargarh kulitazama jua likizama. Katika njia hiyo yote kuna sauti inayomfuata, iwe ya mwongoza watalii, ya kibao cha maelezo au ya kijitabu. Makala haya yanahusu sauti hiyo.

Uhakiki huu haurudii kazi ya wanahistoria wa usanifu majengo. Unauliza swali la kifasihi na kiisimu: sauti hiyo inachagua kusema nini, inanyamazia nini, na maneno yanayotumika yanafanya kazi gani katika uchaguzi huo? Nguzo ya kinadharia ni hoja ya Laurajane Smith (2006) kwamba urithi si jengo lenyewe bali ni usemi unaolizunguka jengo. Kwa mujibu wa Smith, upo usemi ulioidhinishwa wa urithi, unaopendelea majengo makubwa, ya kale na ya wenye nguvu, na unaomfanya mgeni kuwa mpokeaji tu wa maana iliyokwisha kuamuliwa na wengine. Jaipur inafaa kuwa mfano kwa sababu majengo yake yenyewe yana ushahidi wa kuupinga usemi huo.

Ni vyema kuweka mpaka mapema. Kinachohakikiwa hapa ni simulizi la jumla linalojirudia katika ziara, si kazi ya mwongoza watalii mmoja mmoja. Wapo miongoni mwao wenye maarifa mapana, wanaomwonesha msikilizaji mambo ambayo hakuna kibao kinachoyataja.

2.0 Mji na Majengo Yake

Ukoo wa Kachhwaha ulitawala kutoka Amer kwa karne nyingi kabla ya Jaipur kuwapo. Kasri linaloonekana leo kilimani lilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 16, wakati wa Raja Man Singh wa Kwanza, likapanuliwa sana na Jai Singh wa Kwanza katika karne ya 17. Mwaka 1727 Sawai Jai Singh wa Pili aliuhamishia mji mkuu kwenye uwanda wa chini. Mpango wa mji huo mpya, wenye barabara pana zinazokatana kwa pembe mraba na masoko yaliyopangwa kando yake, unahusishwa na Vidyadhar Bhattacharya, msomi mwenye asili ya Bengal. Ngome ya Jaigarh ilikamilishwa juu ya Amer mwaka 1726; Nahargarh ikajengwa mwaka 1734 kwenye ukingo wa milima inayoutazama mji. Hawa Mahal ilijengwa mwaka 1799 wakati wa Sawai Pratap Singh. Rangi ya waridi iliyoupa mji jina lake la pili, kwa maelezo yanayorudiwa zaidi, ilipakwa mwaka 1876 kwa ajili ya ziara ya mwana wa mfalme wa Uingereza.

Ufalme huo uliunganishwa na jimbo la Rajasthan mwaka 1949, na mwaka 1971 katiba ya India ilirekebishwa ili kufuta posho na vyeo vya kifalme vilivyokuwa vimebaki. Majengo yaliingia katika uchumi wa utalii. Baadhi yakawa makumbusho, mengine hoteli, na sehemu ya kasri la mjini ikabaki kuwa makazi ya ukoo.

Shirika la UNESCO limeitambua Jaipur mara tatu, na kila mara kwa sababu tofauti. Mwaka 2010 ilikuwa Jantar Mantar kwa ajili ya elimu ya falaki. Mwaka 2013 Amer iliingizwa pamoja na ngome nyingine tano za milimani za Rajasthan. Mwaka 2019 ulikuwa mji wenyewe, kwa mpango wake, masoko yake na kazi za mafundi wake. Maana yake ni kwamba hata katika kumbukumbu za kimataifa vita si maana pekee ya mahali hapa. Kusisitiza upanga ni uchaguzi wa wasimulizi.

3.0 Jina Linalotangulia Lango

Simulizi huanza kabla ya tiketi kukatwa, nalo huanza na jina. Kwa Kiingereza Amer huitwa ngome. Mgeni hupanda akitarajia kuta za vita, naye hakosi kuziona. Lakini anachotembelea kwa saa mbili zinazofuata ni kumbi za kupokelea watu, bustani, mabafu, vyumba vya kulala na roshani. Ngome hasa iko juu zaidi, nayo ni Jaigarh, iliyounganishwa na Amer kwa njia ya siri. Lugha za huko zinaitambua tofauti hiyo kwa namna iliyo wazi: neno *garh*, yaani ngome, limo ndani ya majina Jaigarh na Nahargarh, ilhali kwa Amer wenyeji hutumia pia neno *mahal*, yaani kasri.

Mfasiri wa Kiswahili hana sababu ya kuufuata mkanganyo wa Kiingereza. Lugha yake ina ngome, kasri, husuni, boma na ikulu, na kila neno lina historia yake. Pwani ya Afrika Mashariki inayo mifano ya jinsi majina ya namna hii yanavyoteleza. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani imebeba neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, ingawa wanaakiolojia wanaitambua kuwa ilikuwa kasri la sultani katika karne ya 14. Neno *gereza* lilitoka katika Kireno likiwa na maana ya kanisa, likashikamana na ngome, kisha likaishia kuwa mahali pa wafungwa. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilitumika kama gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Mzungumzaji wa Kiswahili, kwa hiyo, anajua tayari kwamba jina la jengo linaweza kubaki nyuma ya matumizi yake au likayatangulia. Tafsiri ya "Kasri la Amer" kando ya "Ngome ya Jaigarh" ni sahihi zaidi kuliko kuviita vyote viwili ngome, na inabadilisha kile ambacho mgeni ataangalia akiingia.

Hata tahajia ina athari. "Amber", namna iliyozoeleka katika maandishi ya Kiingereza, humpeleka msomaji kwenye kaharabu, ile gundi ya miti iliyoganda ikawa kito. Jina lenyewe halihusiani na kito hicho. Hutamkwa Amer, na mapokeo ya huko hulihusisha na majina ya miungu ya Kihindu. Kiswahili hakina haja ya kuiazima herufi isiyotamkwa.

4.0 Simulizi la Upanga

Baada ya jina huja shujaa. Simulizi la kawaida la ziara hulijenga Rajasthan kama nchi ya mashujaa wa Kirajput waliosimama dhidi ya mvamizi kutoka nje. Umbo hilo lina chanzo kinachojulikana. James Tod, afisa wa Kampuni ya Mashariki ya India, alichapisha kitabu chake kuhusu Rajasthan katika majuzuu mawili, 1829 na 1832. Tod aliwapenda Warajput, hasa wale wa Mewar, akawaeleza kwa kuwafananisha na mabwana na mashujaa wa Ulaya ya zama za kati. Kwa wasomaji wake Waingereza picha hiyo ilikuwa na faida ya kisiasa: iliwaonesha Wamughal na Wamaratha kuwa wadhalimu, na utawala mpya kuwa mlinzi. Picha hiyo ilidumu baada ya utawala huo kuondoka, na sehemu kubwa ya maelezo ya ziara bado inaongozwa nayo.

Tatizo ni kwamba Amer haiingii katika picha hiyo. Mwaka 1562 Raja Bharmal wa Amer alimwoza binti yake kwa Akbar, mfalme wa dola ya Mughal. Mjukuu wake, Man Singh, yuleyule aliyeanza kulijenga kasri, alikuwa miongoni mwa majemadari wakubwa wa Akbar na alitawala kwa niaba yake Kabul, Bihar na Bengal. Katika vita vya Haldighati vya mwaka 1576, jeshi la Akbar liliongozwa na Man Singh, Mhindu na Mrajput. Upande wa pili, chini ya Maharana Pratap wa Mewar, alipigana Hakim Khan Sur, Mwislamu mwenye asili ya Kiafghani. Mstari wa vita haukufuata mstari wa dini.

Hapa ndipo ukimya unapoanza kuwa na gharama. Mgeni akielezwa kwamba kuta za Amer zilijengwa kumzuia Mughal, haambiwi kwamba utumishi ndani ya dola hiyo ndio uliouinua ukoo wa Amer na kuupa uwezo wa kujenga kwa fahari ile. Wala haambiwi kwamba karibu na lango la kasri kuna hekalu la Shila Devi, lenye sanamu iliyoletwa na Man Singh kutoka Bengal, alikokuwa mtawala kwa jina la mfalme Mwislamu. Katika nchi ambayo historia ya Mughal imekuwa uwanja wa mabishano makali ya kisiasa, simulizi la ziara haliwezi kudai kwamba halina upande. Kasri la Amer ni ushahidi wa mapatano, ndoa, utumishi na mashindano yaliyochanganyika. Kulisimulia kama ukuta kati ya jamii mbili ni kulipa jengo kazi ambayo halikujengewa.

Utetezi wa simulizi hili unajulikana. Mgeni ana saa chache, hadithi ya shujaa inakumbukika, na mwongoza watalii anaishi kwa kumridhisha mgeni wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Utetezi huo una haki yake. Lakini hadithi ya jemadari Mhindu anayeongoza jeshi la mfalme Mwislamu, mbele ya adui ambaye naye ana jemadari Mwislamu, haina upungufu wa mvuto. Inachohitaji ni msimulizi aliyepewa ruhusa na maarifa ya kuisimulia.

5.0 Vyumba Vinavyosema

Simulizi likinyamaza, majina ya vyumba yanaendelea kusema. Katika ua wa pili wa Amer pana Diwan-i-Am, na katika kasri la mjini pana Diwan-i-Khas. Vibao huvitafsiri kama kumbi za kuonana na mfalme, kwa hadhara au kwa faragha. Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kusikia zaidi ya hapo. *Diwan* ni neno lililopita katika Kiajemi na Kiarabu kutoka daftari la hesabu hadi ofisi, na kutoka ofisi hadi ukumbi; katika Kiswahili limekuwa *diwani*, mtu anayewawakilisha watu katika halmashauri, na pia mkusanyiko wa mashairi. *Khas* ni mzizi uleule unaopatikana katika *hasa*, *hususani* na *mahususi*. Neno linalofaa zaidi kutafsiria *diwan* ya Jaipur huenda likawa *baraza*, kwa kuwa nalo, kama diwan, ni mahali na ni chombo cha maamuzi kwa wakati mmoja. "Baraza la Wote" na "Baraza la Faragha" huonesha kwamba hapa palikuwa mahali pa kusikiliza mashauri na kuendesha mambo ya nchi, si pambo la kifalme tu.

Ushahidi wa karakana una nguvu zaidi. Utawala wa Jaipur uligawa kazi za kasri katika idara zinazojulikana kwa jumla kama karkhana 36. Silehkhana ilikuwa ya silaha, Suratkhana ya wachoraji, Rangkhana ya kutia nguo rangi, Chhapakhana ya kupiga chapa vitambaa, na Pothikhana ya vitabu na miswada. Katika majina manne ya mwanzo, neno la kwanza la kila jina lina ndugu yake katika Kiswahili cha kila siku: silaha, sura, rangi, chapa. Jina la jumla, *karkhana*, ni *karakana*. Maneno haya hayakusafiri kutoka Jaipur kwenda Afrika Mashariki. Yalisambaa kupitia Kiarabu, Kiajemi na lugha za India katika biashara ya Bahari ya Hindi, na kila upande ukayapokea kwa njia yake. Hata hivyo, matokeo ni kwamba fundi wa Kiswahili anayesema "karakana" anataja kwa jina lake halisi taasisi iliyoyapa makasri ya Jaipur mapambo yake yote.

Ziara humwonesha mgeni vilivyotoka karakana lakini humficha karakana. Makumbusho ya kasri la mjini yana joho kubwa lililojazwa pamba la Madho Singh wa Kwanza, na kinachosimuliwa zaidi ni ukubwa wa mwili wa mfalme aliyelivaa. Habari za aliyelishona, aliyeupaka uzi rangi na namna alivyolipwa hupewa nafasi ndogo. Hawa Mahal ni tofauti ya nadra kwa kuwa jina la mbunifu wake, Lal Chand Ustad, limehifadhiwa. Na *ustad* huyo ndiye *ustadhi*, mwenye ujuzi aliyeubobea.

Mitungi miwili ya fedha iliyo katika Diwan-i-Khas inaonesha jinsi takwimu inavyoweza kuziba maana. Mgeni huambiwa kwamba kila mtungi una uzito wa kilo zipatazo 345 na kwamba imeandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia. Mara nyingi picha hupigwa na msafara ukaendelea. Lakini mitungi hiyo ilibeba maji ya mto Ganges mwaka 1902, Madho Singh wa Pili alipokwenda London kwenye sherehe za kutawazwa kwa Edward wa Saba. Ni mfalme anayevuka bahari kwenda kumtukuza mfalme mwingine aliye juu yake, akakataa wakati huohuo kunywa maji ya nchi ya huyo mkubwa. Utii na mpaka wa utii vimo katika chombo kimoja. Uzito wa fedha ndio jambo dogo zaidi kuhusu mitungi hiyo.

6.0 Dirisha na Mtazamaji

Hakuna jengo la Jaipur linalopigwa picha zaidi ya Hawa Mahal: ghorofa tano, madirisha 953 yanayohesabiwa kwa kawaida, mawe yaliyotobolewa kama kimia. Mzungumzaji wa Kiswahili anakabiliwa hapa na mtego wa lugha. Akijua kwamba jengo lilitengenezwa kwa ajili ya wanawake wa kasri, anaweza kulielewa jina kuwa ni mahali pa Hawa, mama wa wanadamu. Sivyo. *Hawa* ni *hewa*, na *mahal* ina asili moja na *mahali*: ni kasri la upepo, linalopitisha hewa katika mji wa joto kali. Undugu wa maneno husaidia mara nyingi, lakini hauondoi haja ya mfasiri kuwa mwangalifu.

Jambo la kuhakiki zaidi ni mahali mgeni anaposimama. Picha inayojulikana hupigwa kutoka barabarani, ng'ambo ya jengo. Lakini jengo halina lango la fahari upande huo. Huingiwa kwa nyuma, kutoka upande wa kasri, na ghorofa zake za juu zina upana wa chumba kimoja tu. Lilikuwa chombo cha kutazamia: wanawake waliotawishwa waliweza kuiona barabara, soko na maandamano bila kuonekana. Kiswahili kina msamiati wa hali hiyo, *kutawa*, *kutawishwa*, *utawani*, na kwa hiyo hakihitaji kuiazima istilahi kutoka nje, wala kuieleza kama jambo la ajabu la nchi za mbali.

Ziara imeugeuza mwelekeo wa macho. Waliokuwa watazamaji wamekuwa mandhari, na barabara iliyokuwa ikitazamwa ndiyo inayotazama. Simulizi la kawaida huwataja wanawake hao kwa sentensi moja, kama sababu ya madirisha kuwapo, kisha likarudi kwa mfalme aliyeamuru ujenzi. Ndivyo ilivyo pia katika kasri la Man Singh huko Amer na katika Madhavendra Bhawan ya Nahargarh, ambako vyumba vya malkia tisa vimeunganishwa kwa ushoroba: mgeni husikia hila za mfalme za kumtembelea huyu bila wale kujua. Hadithi inachekesha. Lakini huifanya sehemu ya wanawake kuwa suala la usiku wa mfalme, na kuyafuta maisha ya mchana ya watu walioishi, kulea, kugombea vyeo vya watoto wao na kusimamia watumishi na mali ndani ya kuta zile.

7.0 Ngano Kama Hati

Mhakiki mwenye haraka angeweza kupendekeza kwamba ngano zote zifutwe katika ziara na mahali pake pawekwe tarehe. Hilo lingekuwa kosa. Baadhi ya ngano huhifadhi kile ambacho usemi ulioidhinishwa umekiacha.

Jina la Nahargarh husimuliwa hivi: kazi ya ujenzi ilikwama kwa sababu mzimu wa Nahar Singh Bhomia, aliyehusishwa na ardhi ile, ulikuwa ukiibomoa usiku. Ikabidi ajengewe mahali pa ibada na ngome ipewe jina lake, ndipo kazi ikaendelea. Wageni huichukua kama hadithi ya mazimwi ya kuwafurahisha watoto. Ikisomwa kwa makini, ni hadithi ya madai ya ardhi: palikuwa na mwenye mahali kabla ya mfalme, naye hakuondoka mpaka alipotambuliwa. Inasikika kwa nguvu zaidi ikikumbukwa kwamba, kwa mapokeo ya eneo hilo, Amer yenyewe ilikuwa ya watawala wa jamii ya Wameena kabla ya Kachhwaha kuitwaa. Wameena bado wapo Rajasthan, nao wanatambuliwa na katiba ya nchi kuwa miongoni mwa makabila yenye haki ya ulinzi maalumu. Katika simulizi la kawaida la ziara, wao ni utangulizi unaorukwa.

Kinyume chake ni ngano za mzinga wa Jaivana, uliosubiwa katika kiwanda cha Jaigarh mwaka 1720. Una uzito wa tani zipatazo 50, na husimuliwa kwamba ulipojaribiwa tombo lake lilianguka mbali mno likachimba bwawa. Ukweli unaopita upesi katika maelezo ni kwamba mzinga huo haukutumika vitani hata mara moja. Hatua chache kutoka ulipo kuna kitu kilichofanya kazi kila mwaka: mifereji inayokusanya maji ya mvua kutoka miteremko ya milima ya Aravalli na kuyaleta katika matangi makubwa ndani ya ngome. Katika nchi kame, ngome isiyo na maji haihitaji adui. Mzinga una kivuli, kibao na umati wa wapiga picha. Mifereji hupitwa na mgeni akielekea kwenye mzinga. Ukame ukiwa tishio la leo katika nchi nyingi, ni vigumu kutetea mpangilio huo wa umuhimu.

Jantar Mantar inasahihisha kwa kiasi fulani. Hapo simulizi halina budi kuzungumzia maarifa, kwa kuwa saa ya jua yenye kimo cha mita 27, inayoweza kuonesha muda kwa usahihi wa sekunde mbili, haieleweki kwa lugha ya upanga. Jai Singh wa Pili aliwasoma wanafalaki wa Kihindu na wa Kiislamu, akawaleta mapadri Wajesuti, na majedwali ya nyota yaliyoandaliwa chini yake yaliandikwa kwa Kiajemi na kupewa jina la mfalme Muhammad Shah wa Mughal. Mgeni anayeanza ziara hapa, badala ya kuimalizia hapa, huiona Jaipur nyingine. Mpangilio wa ziara nao ni hoja.

8.0 Lugha ya Mwenyeji na Funzo kwa Kiswahili

Kuna ukimya mmoja uliofunika mwingine wote, nao ni wa lugha. Eneo la Jaipur lina lahaja yake, Dhundhari, inayohesabiwa miongoni mwa lahaja za Kirajasthani. Kumbukumbu nyingi za utawala wa zamani wa Jaipur, zilizohifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo huko Bikaner, ziliandikwa kwa lahaja hiyo na kwa Kiajemi. Hata hivyo Kirajasthani hakimo katika orodha ya lugha zilizotambuliwa katika Jedwali la Nane la katiba ya India, licha ya azimio la Bunge la Rajasthan la mwaka 2003 lililoomba kiingizwe. Maelezo ya ngome hutolewa zaidi kwa Kihindi na Kiingereza. Lugha ambayo makarani wa kasri waliandikia hesabu za nafaka na malalamiko ya wakulima haimpokei mgeni mlangoni. Si ajabu basi kwamba wakulima nao hawamo katika simulizi.

Kiswahili kina hadhi ambayo Kirajasthani bado kinaidai. Kinatambuliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, kina Kamisheni yake yenye makao Zanzibar, na kina mabaraza ya kitaifa ya istilahi. Lakini hadhi kisheria haitoi kinga. Maelezo ya urithi yakiandikwa kwanza kwa Kiingereza na kisha kufasiriwa, lugha ya Kiswahili itakuwa kibaoni na mtazamo utabaki ule wa awali. Yafuatayo yanapendekezwa kwa taasisi zinazosimamia ngome, makasri na makaburi ya kifalme katika ukanda huu, na kwa wanaofasiri maelezo ya maeneo ya nje kama Jaipur.

Kwanza, maelezo ya Kiswahili yatungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na mwandishi wake akae pamoja na mwanahistoria na wazee wa mahali, badala ya kukabidhiwa matini iliyokamilika. Pili, iandaliwe faharasa ya istilahi za urithi inayotofautisha ngome, husuni, kasri, boma, ikulu, baraza na utawani, pamoja na historia ya kila neno. Tatu, jina la chumba au jengo lielezwe kabla ya tarehe na jina la mtawala, kwa kuwa jina hubeba matumizi. Nne, ngano zisifutwe bali zitajwe kuwa ngano, na mgeni aelezwe zinahifadhi madai ya nani. Tano, mafunzo ya waongoza watalii yahesabu kazi, maji, wanawake na waliotangulia kuishi mahali kuwa sehemu ya somo kuu, nao walipwe kwa namna ambayo haiwalazimishi kuuza kichekesho badala ya maarifa.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba simulizi la ziara ya Jaipur linapungukiwa katika mambo manne: linaita kasri ngome, linageuza historia ya mapatano kuwa ya ukuta, linaonesha vitu bila waliovitengeneza, na linawatazama wanawake badala ya kutazama pamoja nao. Umeonesha pia kwamba marekebisho hayahitaji kuletwa kutoka mbali. Yamo katika majina ya vyumba, katika mifereji ya Jaigarh, katika hadithi ya mwenye ardhi aliyekataa kuondoka Nahargarh. Kwa Kiswahili funzo ni la karibu zaidi, kwa sababu baraza, karakana, silaha, rangi, chapa na hewa ni maneno yake tayari. Mzungumzaji wa Kiswahili anayesimama katika ua wa Amer hahitaji kukopeshwa macho. Akipewa majina kwa usahihi, sehemu kubwa ya kasri atajisomea mwenyewe.